ALIYEUONA MLIMA AKATOSHEKA NA KILIMA
Maisha ya Johannes Rebmann wa Rabai

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena ya kwamba tamaa mbele mauti nyuma. Methali hii tumeiandikia insha tangu shule ya msingi, na kila mara mhusika wetu huwa ni mtu mwenye tamaa: mwizi, tapeli, au kijana aliyeacha shule kwa ajili ya pesa za haraka. Ni nadra sana kumwandika mtu wa upande wa pili, yaani yule ambaye sifa na ukubwa vilimjia mpaka mlangoni naye akaviacha vipite. Ndugu msomaji, nataka nikusimulie maisha ya mtu wa namna hiyo. Hakuishi mbali. Ukisimama hapa kwetu Jomvu Kuu ukatazama upande wa Mazeras, vile vilima vilivyoko huko juu ndiko alikokaa karibu miaka 29. Jina lake ni Johannes Rebmann.

Wengi wetu tumemsoma katika somo la Historia kwa mstari mmoja tu: Mzungu wa kwanza kuuona mlima Kilimanjaro. Tunakariri, tunajibu mtihani, tunapata alama zetu, basi. Lakini ule mlima ulikuwa ni jambo la asubuhi moja katika maisha yake. Mambo ya miaka iliyobaki ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

KUZALIWA KWAKE

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, karibu na Stuttgart, nchini Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima, si matajiri wala si watu wa vyeo. Sehemu hiyo ilikuwa na Wakristo wengi wa mwenendo wa unyenyekevu, watu wa kusoma Biblia nyumbani na kuomba kabla ya kwenda shambani. Kijana Johannes alilelewa katika mwenendo huo.

Alipokua alijiunga na chuo cha wamisionari cha Basel huko Uswisi. Baadaye alikwenda Uingereza, akasomea zaidi na kupata upadri chini ya shirika la Church Missionary Society, ambalo wengi hulifahamu kwa herufi zake CMS. Shirika hilo lilikuwa tayari na mtu mmoja pwani yetu, naye ni Daktari Johann Ludwig Krapf, Mjerumani mwenzake Rebmann.

Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Haikuchukua miezi mingi akafiwa na mkewe, Rosine, pamoja na mtoto wao mchanga wa kike. Alikuwa peke yake kabisa katika kazi ile. Basi Rebmann ndiye aliyetumwa kuwa mwenzake, akashuka Mombasa mwezi wa Juni 1846, akiwa kijana wa miaka 26.

WAGONJWA WAWILI, PUNDA MMOJA

Wakati huo Mombasa ilikuwa chini ya Seyyid Said wa Zanzibar, naye alikuwa amempa Krapf barua ya ruhusa. Wazee wa Kirabai nao walikubali wageni hawa wakae kwao. Tarehe 25 Agosti 1846 ndiyo siku waliyohamia Rabai. Njia ya siku hizo ilikuwa kupanda mashua Mombasa, kuingia ndani kwa mkono wa bahari mpaka maji yanapokoma, kisha kuupanda mlima kwa miguu.

Siku hiyo wote wawili walikuwa na homa kali. Walikuwa na punda mmoja tu, na kilima cha Rabai si mchezo. Ikawa huyu akipanda punda yule anajikongoja, na yule akichoka wanabadilishana. Hivyo ndivyo misheni ya Rabai ilivyoanza, bila ngoma wala matarumbeta, watu wawili wanaotetemeka kwa homa wakipokezana mgongo wa punda. Anayeanza hivi bila shaka hakufuata starehe.

SAFARI YA UCHAGANI

Walipokwisha kujenga na kuanza kujifunza lugha za wenyeji, Rebmann alianza kusafiri bara. Mwezi wa Oktoba 1847 alikwenda Taita. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Aprili 1848, aliondoka Rabai kuelekea Uchagani. Kiongozi wa msafara alikuwa Mswahili aliyeitwa Bwana Kheri, mtu mzoefu wa njia za bara, na wapagazi hawakufika hata kumi. Rebmann hakubeba bunduki. Silaha yake, kama ni silaha, ilikuwa mwavuli. Watu wengi walimwonya kwamba nyika ile ina wanyama wakali na wapiganaji wakali vilevile, lakini wapi! Alikwenda na mwavuli wake na Biblia yake.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848 aliona mlima mrefu mbele yake, na juu ya kilele kitu cheupe kama wingu. Akamwuliza kiongozi wake kile kitu ni nini. Bwana Kheri hakuwa na neno la theluji, akamjibu kwamba ni baridi. Papo hapo Rebmann, ambaye kwao theluji huanguka kila mwaka, akaelewa anachokitazama. Ilikuwa theluji, digrii tatu tu kusini mwa Ikweta.

Hapa ni lazima niseme neno, maana najua wanafunzi wenzangu watauliza. Wachaga waliujua mlima wao zamani sana kabla Rebmann hajazaliwa. Walilima chini yake na kunywa maji yake. Kwa hiyo kusema kwamba Rebmann aliugundua ni kuwaonea wenyewe. Alichofanya yeye ni kuupeleka habari zake kwa watu wa Ulaya waliokuwa hawajui lolote.

Je, alifanya nini baada ya kuuona? Hakukimbilia kupanda. Hakuupa jina la malkia wala la mfalme wa kwao, kama wengine walivyofanya kwa maziwa na maporomoko. Aliketi chini ya mti, akafungua Biblia mahali alipokuwa amefikia katika kusoma kwake kwa kila siku. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Zaburi ya 111, inayosifu ukuu wa matendo ya Mungu. Akasoma, akautazama mlima, akaendelea na safari mpaka Kilema kwa Mangi Masaki. Basi.

MACHOZI KWA MAMKINGA

Alirudi Uchagani mara ya pili mwishoni mwa 1848, akafika Machame kwa Mangi Mamkinga, akapokewa vizuri. Aprili 1849 akaenda mara ya tatu. Safari hii nia yake ilikuwa kupita mpaka Unyamwezi, kwa hiyo alikuwa na wapagazi kama 30 na mizigo mingi ya nguo na shanga, ambazo ndizo zilizokuwa pesa za njiani.

Mamkinga safari hii alibadilika. Alitaka nguo hizi, kesho akataka nyingine, kesho kutwa shanga, mpaka mzigo wote ukamalizikia kwake. Rebmann akabaki mikono mitupu, mvua inanyesha, mwili una homa. Ndipo alipotokwa na machozi mbele ya Mangi. Mamkinga akashangaa, akauliza mgeni analia nini. Akaambiwa kuwa analilia mali yake. Lakini Rebmann akakataa maelezo hayo, akasema kwamba halilii mali. Alikuwa akilia kwa sababu vitu vile vilitolewa na watu wema wa kwao ili neno la Mungu liwafikie watu wa bara, na sasa njia imefungwa.

Mimi nimelifikiri tukio hili sana. Sisi sote hulia tukipoteza. Ukipoteza simu unalia, ukiibiwa nauli unalia. Huyu naye alilia, hakuwa jiwe. Tofauti ni kile alicholilia. Nadhani ukitaka kumjua mtu, usimtazame anapocheka, mtazame anacholilia. Kuridhika katika imani hakumaanishi kwamba mtu haumii. Kunamaanisha kwamba anajua lipi la kuumia kwalo na lipi la kuliachilia.

WASOMI WA LONDON

Habari za mlima wenye theluji zilichapishwa Uingereza mwaka 1849 katika jarida la CMS. Badala ya pongezi, zikaleta kelele. Alikuwako msomi mmoja wa jiografia mjini London aliyeitwa William Desborough Cooley. Cooley hakuwahi kutia mguu Afrika Mashariki, lakini alikuwa ameandika mengi juu yake na alijiona bingwa. Alikataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na Ikweta, na katika kitabu chake cha mwaka 1852 akaidharau ripoti ya Rebmann. Wengine wakamfuata.

Krapf naye aliuona mlima huo mwishoni mwa 1849 alipokuwa njiani kwenda Ukambani, akathibitisha kwamba mwenzake hakuota. Tena tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, akauona na mlima Kenya wenye theluji yake. Hata hivyo ubishi haukuisha. Uliendelea zaidi ya miaka kumi, mpaka Baron Carl Claus von der Decken alipokwenda na vyombo vya kupimia mwaka 1861, na tena mwaka 1862 alipopanda akapita meta 4,000. Hapo hapakuwa na la kubisha tena. Mwaka 1864 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikampa Baron nishani ya dhahabu.

Na Rebmann je? Alikuwa Rabai, anaendelea na kazi. Angeweza kufunga safari mpaka London kutetea jina lake. Angeweza kutembea mji hadi mji akisimulia na kulipwa, maana enzi hizo wasafiri wa Afrika walipendwa kama wachezaji wa mpira wanavyopendwa leo. Alishikilia kwamba aliloliona aliliona, akarudi kwa vitabu vyake.

KUKAA

Mwaka 1851 Rebmann alikwenda Misri, akamwoa mjane Mwingereza, Emma Tyler, akaja naye Rabai. Walipata mtoto, lakini alifariki akiwa mchanga. Makao yao yalikuwa Kisulutini, papo hapo Rabai.

Wenzake wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Krapf alikuwa na ndoto ya kujenga misheni nyingi zilizofuatana kama shanga kutoka bahari hii mpaka bahari ya magharibi. Rebmann aliona afadhali mtu akae mahali pamoja, ajue lugha vizuri, aaminike na jirani zake, ndipo afundishe. Katika jambo hili hawakupatana. Krapf, afya ikiwa imemharibikia, aliondoka mwaka 1853. Jakob Erhardt, aliyekuja mwaka 1849, naye aliondoka mwaka 1855. Rebmann na mkewe wakabaki.

Kabla Erhardt hajaondoka, yeye na Rebmann walikuwa wamekusanya habari za bara kutoka kwa wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu, na ramani ikachorwa. Ilionyesha ziwa moja kubwa mno, lenye umbo kama la konokono asiye na nyumba. Leo tunajua kwamba maziwa ni matatu mbalimbali, yaani Victoria, Tanganyika na Nyasa. Lakini ramani ile ndiyo iliyowasukuma Waingereza kumtuma Richard Burton na John Hanning Speke.

Januari 1857 Burton na Speke wakapanda kilima cha Rabai kuja kumwona Rebmann. Ilitakiwa aandamane nao. Fikiria, msomaji: mtu ambaye ripoti yake ilidharauliwa, sasa anaitwa kwenye msafara mkubwa kuliko yote, msafara utakaosema na dunia nzima. Rebmann hakwenda. Mwaka uliofuata Speke akafika kwenye ziwa Victoria, na jina lake likaandikwa katika vitabu vyote. Rebmann alikuwa anajaribu kujua Warabai wanaitaje hiki na kile.

Hata huko Rabai hakukuwa na amani siku zote. Mwaka huohuo wa 1857 Wamaasai walishambulia sehemu hizo, ikambidi yeye na Emma wahamie Unguja kwa muda wa kama miaka miwili. Wengi wangesema sasa yatosha, Mungu mwenyewe amefunga mlango. Wao hali ilipotulia walirudi palepale.

MANENO NDIYO YALIYOKUWA MALI YAKE

Wako watu wanaodhani kwamba mtu aliyeridhika ni mvivu. Wanasema aliyetosheka hana bidii, amekaa tu kibarazani. Rebmann anawajibu. Wanachama wa Chama cha Kiswahili hasa tunapaswa kumkumbuka, kwa sababu kazi yake ya kila siku ilikuwa maneno.

Aliandika kamusi ya lugha ya Wamijikenda, ambayo Wazungu wa wakati ule waliiita Kinika. Alifasiri Injili ya Luka kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1876. Tena aliandika kamusi ya lugha ya Kinyasa, lugha ya watu wa mbali ambako hakuwahi kufika! Aliipataje? Aliipata kwa Salimini, mtu aliyetekwa huko Nyasa na kuletwa pwani katika utumwa. Rebmann alikaa naye, akauliza neno baada ya neno, akaandika. Kamusi hiyo ilichapishwa mwaka 1877, na mpaka leo wataalamu wa lugha ya Kichewa huitumia kujua lugha yao ilivyokuwa zamani.

Hebu mtazame Salimini kidogo. Walionyang'anya watu kule Nyasa walimwona kuwa ni bidhaa, kitu cha kuuza. Tamaa ya mali ilimtoa kwao. Mbele ya Rebmann alikuwa mwalimu. Kila neno lililomo katika kamusi ile lilitoka kinywani mwake. Kwangu mimi hapa ndipo tofauti ya tamaa na imani inapoonekana wazi kuliko katika mahubiri marefu.

WAUMINI WA KUHESABIKA

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua, na sitalificha. Kwa miaka yote ile Rebmann alipata waumini wachache mno. Wa kwanza alikuwa Mringe, mlemavu wa miguu, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Baadaye akaja mzee Abe Gunja na mwanawe Nyondo, aliyebatizwa Isaac, na wengine wachache. Ungeweza kuwahesabu ukamaliza kabla ya chai kupoa. Huko London wakuu wa shirika walianza kuuliza kama kazi hii ina faida, na wapo waliomwona Rebmann kuwa mkaidi, mtu mgumu wa kushauriwa.

Pengine kweli alikuwa mgumu. Mtu anayekaa peke yake muda mrefu hupata tabia zake. Wala sidai kwamba kila mtu aliyekaa mahali pamoja miaka mingi ni mtakatifu, maana wengine hukaa kwa kuogopa kuondoka. Lakini mwenye kuogopa hasafiri mara tatu Uchagani na mwavuli. Huyu aliweza kuondoka, aliitwa aondoke, na njia ilikuwa wazi. Akabaki.

Tarehe za mwisho za maisha yake ni nzito. Mwaka 1866 Emma alifariki huko Rabai. Rebmann akabaki mjane, na macho nayo yakaanza kufifia. Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kuhusu biashara ya utumwa, alipomtembelea mwaka 1873 alimkuta mzee karibu kipofu kabisa, yuko na kamusi zake na kundi lake dogo. Macho yaleyale yaliyowaonyesha Wazungu theluji ya Kilimanjaro sasa hayawezi kusoma ukurasa. Hata hivyo hakuwa ameomba kuondolewa. Tangu 1846 hakuwa amekanyaga Ulaya hata mara moja.

KURUDI NA KUFA

Mwaka 1875, baada ya wamisionari wapya kufika na kuanzisha Frere Town upande wa Kisauni, hatimaye alikubali kurudi kwao. Hakuweza kusafiri peke yake. Aliyemshika mkono njia nzima mpaka Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Wale wakuu waliouliza faida ya kazi yake ni nini, faida mojawapo ilikuwa inatembea kando yake ikimwongoza asijikwae.

Alikwenda kukaa Korntal, karibu na kijiji alikozaliwa, ambako Krapf naye alikuwa akiishi. Wazee hawa wawili, waliopokezana punda mmoja na baadaye wakatofautiana, wakawa majirani tena. Rebmann alioa mara ya pili, mjane wa mmisionari mwenzao, lakini hakukaa sana. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1876, akiwa na miaka 56. Krapf alimfuata mwaka 1881, naye akazikwa hapo hapo Korntal.

MTI ALIOUPANDA

Mpanda mti si lazima aile embe yake. Rabai haikufa na Rebmann. Tangu mwaka 1864 walikuwa wameshafika huko Waafrika waliookolewa utumwani na kusomeshwa Nasik huko India, akiwemo William Jones, ambaye baadaye alikuwa mchungaji wa Rabai. Watumwa waliotoroka mashambani wakaanza kukimbilia kwenye kile kilima. Misheni za Wamethodisti za Ribe na hapa kwetu Jomvu nazo zilipokea wakimbizi hao. Siku ya mwaka mpya wa 1889, zaidi ya watu 1,400 walipewa hati za uhuru baada ya kampuni ya Waingereza kuwalipa mabwana waliowadai.

Hebu tujiulize. Kama Rebmann angeondoka na Krapf mwaka 1853, au na Burton mwaka 1857, watu hao wangekimbilia wapi? Huenda pangekuwako pengine, Mungu ana njia nyingi. Lakini ilivyotokea ni kwamba palikuwa na mahali, na mahali hapo palikuwapo kwa sababu mtu mmoja alikataa kuhama. Mpaka leo nyumba aliyoishi ingali imesimama pale Rabai, na ipo makumbusho ya historia ya misheni. Nauli yake si kubwa. Ningeomba Chama chetu kifikirie kuipanga safari.

FUNZO KWETU

Mtume Paulo alimfundisha Timotheo kwamba kumcha Mungu pamoja na kuridhika ni faida kubwa, kwa kuwa hatukuja duniani na kitu wala hatutaondoka na kitu. Waislamu nao wana neno kinaa, na ndilo lililozaa kitenzi chetu cha kukinai. Jirani yangu wa dawati huenda msikitini Ijumaa, mimi huenda kanisani Jumapili, lakini katika neno hili tumekubaliana. Ajabu ya Kiswahili ni kwamba kukinai kuna maana mbili: kutosheka, na pia kuchoshwa na kitu kwa kukipata kupita kiasi. Mwenye tamaa huifikia ile maana ya pili bila kupita katika ile ya kwanza. Anapata, anachoka, anataka kingine.

Mitaani kwetu vishawishi havikosekani. Kuna kubeti kwa simu, kijana anaweka nauli ya wiki nzima ati atakuwa tajiri Jumamosi jioni. Kuna viatu vya bei ambavyo asiyevivaa huonekana si mtu. Kuna kwenda Uarabuni, ambako wengine wamepata riziki halali na wengine wamerudi wakilia. Sisemi mtu asitafute. Baba zetu wanaoshinda bandarini na mama zetu wanaokaanga viazi jioni wanatafuta, tena kwa jasho. Sisemi pia maskini anyamaze akidhulumiwa kwa jina la kuridhika. Salimini hakupaswa kuridhika na utumwa, na wale waliokimbilia Rabai walifanya vyema kukimbia.

Ninachosema ni hiki. Kuridhika kwa Rebmann hakukutokana na kukosa. Alikuwa na mlima wa meta 5,895 wa kujivunia, naye akachagua kilima cha kuishi na kufanya kazi. Aliweza hivyo kwa sababu alishapata kitu kilichomtosha kabla ya kuuona mlima. Kitu hicho alikisoma kila siku kwa zamu, mlima uwepo au usiwepo. Mtu asiye na kitu cha namna hiyo, hata ukimpa Kilimanjaro yenyewe, kesho atauliza kama hakuna mrefu zaidi.

Kwa hiyo mtihani ukituuliza tena ni nani Mzungu wa kwanza kuuona mlima Kilimanjaro, tujibu tupate alama zetu. Kisha tukumbuke pia kwamba alishuka kutoka huko, akarudi Rabai, akafungua daftari lake, akauliza neno jingine.